Utofauti wa watu kwenye filamu za Kijapani: Evil Does Not Exist na Ainu Mosir

Mkuu umeuliza mbona Evil Does Not Exist, ile ya Ryusuke Hamaguchi ya 2023, inasifiwa hivyo wakati imejaa Wajapani watupu, utofauti uko wapi. Mimi nimesoma Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini mwa Japani, na hili jambo lilinigusa sana nikiwa kule, kwahiyo nivumilie naandika kirefu.

Kwenye Evil Does Not Exist, kampuni ya Tokyo inataka kujenga kambi ya kifahari kijijini, inawahi hela ya ruzuku ya korona, inatuma wafanyakazi wawili wakaongee na wanakijiji. Kile kikao ndo moyo wa filamu. Tanki la maji taka halitoshi kwa wageni wanaotarajiwa na mzee wa kijiji anawaambia kabisa, uchafu wa mtu wa juu unamshukia wa chini. Sasa angalia nani wanaongea pale: mama wa mgahawa wa udon aliyehama Tokyo kwa ajili ya yale maji, kijana mwenye hasira, halafu Takumi, mwanakijiji ambaye ndo mhusika mkuu, anasema wazi kwamba eneo lile walipewa walowezi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwahiyo kila mtu pale ni mgeni kwa namna fulani. Hapo ndo Hamaguchi alinipata, maana filamu nyingi za mila na maendeleo zinatuchorea kijiji cha watu wa ukoo mmoja wenye mawazo mamoja, wakati kijiji cha kweli kina wahamiaji na wenyeji na watu wasioelewana. Hata wale wawili wa kampuni wanapewa nafasi, wako kwenye gari wanasimuliana maisha yao mpaka unawaonea huruma.

Ila kama unataka kujua nani hasa kafichwa kwenye sinema za kule, tafuta Ainu Mosir ya Takeshi Fukunaga, 2020. Fukunaga kazaliwa Hokkaido lakini sio Mwainu, yaani sio wa wale wenyeji wa asili wa Hokkaido, akaamua Waainu wacheze wenyewe. Kanto, dogo wa miaka 14 aliyefiwa na baba, kaigizwa na Kanto Shimokura, na mama yake kwenye filamu ndo mama yake mzazi. Imepigwa Akan, makazi ya Waainu huko Hokkaido, na Akan nimefika, maduka ya vinyago vya dubu yamepangana na ngoma zinachezwa kwa ajili ya watalii. Kwenye filamu kuna mtalii anamsifia yule mama eti anajua Kijapani vizuri! Kwenye nchi yake! Sheria ya 1899 iliwalazimisha hawa watu wawe Wajapani ikaja kufutwa 1997, na kutambuliwa kisheria kama wenyeji wa asili ni 2019 juzi tu hapa.

Na wao kwa wao wanabishana. Debo, rafiki wa marehemu baba yake Kanto, anataka kurudisha iomante, ile ibada ya kumrudisha dubu kwa miungu kwa kumuua, wenzake wanaogopa dunia itawaonaje, dogo mwenyewe keshampenda yule dubu anayefugwa kwa ajili ya ibada hiyo. Kwangu huo ndo uwakilishi, watu kuachiwa wabishane mambo yao bila kugeuzwa pambo.

Ninachokosa bado ni filamu ya kisa cha Nibutani, kijiji cha Waainu huko Hokkaido. Serikali ilichukua ardhi takatifu ya Waainu ikajenga bwawa, Shigeru Kayano, Mwainu wa kwanza kuingia bungeni, akaenda mahakamani na mwenzake, 1997 mahakama ya Sapporo ikasema uchukuaji ule haukuwa halali ila bwawa limeshakamilika basi libaki. Hiyo ikipata mwongozaji Mwainu nitaitazama siku ya kwanza.