Dongo Kundu: barabara kuu imefika, lakini njia za kuingilia viwanjani je?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu, inayokizunguka kisiwa cha Mombasa, imeleta nafuu ya kweli kwetu pwani ya kusini, na kama sasa ndio wakati wa kununua kiwanja karibu nayo. Nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe, kwani nauza vifaa vya ujenzi Ukunda na mabati yangu hutoka Mariakani.

Zamani lori langu lililazimika kuingia kisiwani na kuvukia Likoni kwa feri. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, hivyo utingo alitembea nyuma ya gurudumu akiwa na kabari ya mti mkononi, tayari kuisukumiza chini ya tairi, huku umati wa waendao kwa miguu ukimpita ubavuni. Leo unatoka Miritini, unavuka madaraja ya Mwache na Mteza, hili la pili likiwa na urefu wa mita 1,440 hivi, na unatokea Kibundani, upande wetu wa kusini, bila kukanyaga kisiwa. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 2018, nasi wa kusini tukangoja hadi 2024. Nafuu ipo, tena kubwa.

Kiwanja ni suala jingine, na hapa nakusihi unisikilize. Barabara kuu ya aina hii haiingiwi popote upendapo, bali kwenye makutano yaliyopangwa, kwa hiyo kuiona si kuifikia. Mimi nilinunua mahali pa kujenga ghala, na ramani niliyoonyeshwa na dalali ilikuwa na njia ya mita 9. Nilipoipima kwa tepu, jirani mmoja akiwa amekwisha kusogeza ukuta na mwingine amechimba shimo la choo, zilibaki mita 4 tu. Lori lilishindwa kukata kona, mabati yakamaliziwa kwa mkokoteni.

Ndiyo maana nashikilia kwamba njia za ndani na mitaro ziwekewe mipaka kabla mashamba hayajakatwa vipande, kwa sababu nyumba ya mawe ikishasimama, kuiondoa ni fidia na kesi za miaka.

Ukitaka kununua, nenda na mpima ardhi mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, mtembee kwa miguu kutoka makutano hadi kigingi cha mwisho cha mpaka. Mkikuta maji ya barabara kuu yanateremkia ndani ya kiwanja, kama yanavyoteremkia kwangu, kiacheni.