Kuficha kitufe hakumzuii mtu kuzima kompyuta

Msomaji mmoja anasimamia chumba cha kompyuta chenye Debian 12 (mfumo wa Linux) na Xfce (mazingira ya dawati na menyu zake). Ameondoa kitufe cha kuzima kwenye menyu, lakini wanafunzi bado wanazima mashine. Wataendelea tu. Menyu ni pazia: anayejua terminali anaandika `systemctl poweroff` na kazi imekwisha. Ruhusa yenyewe iko kwa polkit, huduma inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini kwenye mfumo, basi anzia huko.

Unda kikundi kwa `sudo groupadd wazimaji`, mtie msimamizi kwa `sudo usermod -aG wazimaji jina`, kisha andika faili `/etc/polkit-1/rules.d/10-kuzima.rules`:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
  if (action.id.indexOf("org.freedesktop.login1.power-off") === 0 ||
      action.id.indexOf("org.freedesktop.login1.reboot") === 0) {
    return subject.isInGroup("wazimaji") ?
      polkit.Result.YES : polkit.Result.NO;
  }
});
```

Nimetumia `indexOf` kwa makusudi: inashika kila kitendo ambacho jina lake linaanza hivyo. Power-off ina ndugu yake, `power-off-multiple-sessions`, inayoulizwa pale mtu mwingine naye yumo ndani ya mashine. Ukiisahau, siku mtu mwingine ameingia kutoka mbali kwa SSH kanuni yako haitatumika.

Faili liwe na ruhusa 644, yaani kila mtu aweze kulisoma. Likiwa 600 chini ya root (mtumiaji mkuu), polkitd, yaani programu ya polkit inayokaa nyuma, haiwezi kulisoma, kwa sababu haiendeshwi kama root. Ukisahau mabano, kosa utaliona kwa `journalctl -u polkit`. Na achana na maelekezo ya zamani ya kuandika kanuni kwenye faili za `.pkla`; Debian 12 haizisomi bila kifurushi cha polkitd-pkla.

Skrini ya kuingilia ya LightDM huendeshwa na mtumiaji aitwaye lightdm, kwa hiyo nayo itakataliwa. Ukitaka izime, ongeza `|| subject.user === "lightdm"` baada ya isInGroup, na sharti lote liwe ndani ya mabano. Mwanafunzi mwenye ruhusa ya sudo hazuiliki na lolote kati ya haya, mwondolee ruhusa hiyo kwanza.

Sasa menyu. Usihariri `/usr/share/applications`, sasisho litafuta kazi yako. Nakili faili la `.desktop` la kitufe unachotaka kukificha kwenda `/usr/local/share/applications` kwa jina lilelile, ongeza `NoDisplay=true` chini ya `[Desktop Entry]`, nayo itafichwa kwa watumiaji wote. Kitufe cha kulaza mashine huondolewa akaunti moja moja, kwa amri hii:

`xfconf-query -c xfce4-session -p /shutdown/ShowSuspend -n -t bool -s false`

Jaribu ukiwa kwenye akaunti ya mwanafunzi:

`busctl call org.freedesktop.login1 /org/freedesktop/login1 org.freedesktop.login1.Manager CanPowerOff`

Jibu liwe `s "no"`. Ukiona `"yes"` au `"challenge"`, huenda kanuni yako haijasomwa: rudi kwenye ruhusa za faili.