Krismasi ya Malindi Hupangwa kwa Jua na Maji

Juzi umeingia ujumbe kutoka kwa msomaji wa Nakuru. "Dada, Krismasi hii tunateremka Malindi watu kumi na wawili, na wenyeji wetu ni wanane. Nibebe tawi la saipresi kwenye buti? Na ile picha ya familia pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, tuipige asubuhi mapema kabla ya joto?"

Mama, hapana, na tena hapana. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu maswali haya huja kila Desemba, na kila Januari watu hurudi bara na picha za nyuso zilizoingia giza wakisema Malindi haina Krismasi. Malindi inayo. Ila mnataka kuiendesha kwa saa za Nakuru.

Tuanze na mti. Saipresi imezoea baridi. Ukiikata leo, ikalala kwenye buti la gari usiku kucha, kisha ikasimamishwa kwenye sebule yenye joto la nyuzi 30, siku ya tatu ina rangi ya majani ya chai. Huku mti wa Krismasi ni mvinje. Zile unazoziona kama sindano ni vitawi vyembamba vyenye pingili, na majani yenyewe ni vijino vidogo tu kwenye kila pingili. Ndiyo maana mvinje husimama ufuoni, upepo wa chumvi ukiupiga mwaka mzima, na bado uko kijani. Usikate ya ufuoni, hiyo ndiyo inayoshikilia mchanga. Wakulima wa huku hupanda mvinje kwa ajili ya nguzo za kujengea, na wakipogoa matawi hubaki. Ulizia shambani ununue tawi la mita moja na nusu, na lichukuliwe jioni, si saa saba mchana.

Likifika nyumbani, kata tena sentimita tatu za chini huku shina likiwa ndani ya maji. Ukikatia hewani, hewa huingia kwenye mishipa na tawi haliwezi kunywa. Chukua ndoo ya lita 20, weka mawe chini, simamisha tawi, jaza mchanga mpaka robo tatu, kisha mwagia maji mpaka mchanga ulowe kabisa. Siku ya kwanza tawi hunywa sana. Baada ya hapo ongeza kidogo kila asubuhi, mchanga usikauke. Mchanga wa pwani uoshe kwanza kwa maji baridi ya bomba, mara mbili, maana chumvi itauua mti kabla ya tarehe 25.

Mvinje una kasoro moja: matawi ni laini, mapambo ya kioo yataangukia sakafuni. Pamba kwa vitu vyepesi. Mimi husema ukili, yaani ule msuko wa miyaa wanaoshonea mikeka. Mwombe bibi yeyote anayesuka akufundishe kukunja nyota yenye pembe nne. Watoto huijua kwa nusu saa, na hiyo nusu saa wameketi na bibi mkekani, simu ziko pembeni. Makombe na matumbawe yaacheni baharini. Katika hifadhi ya bahari ni marufuku kuyaokota, na nje yake ni ukosefu wa adabu.

Taa nazo zina adui wake, chumvi. Ukitundika barazani, viungio hufanya kutu kijani kwa wiki mbili na nusu ya mstari huzimika. Funga kila kiungio kwa tepu ya umeme, na waya uninginie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili umande udondokee hapo badala ya kuingia ndani. Anayelalamika kwamba taa zinamaliza tokeni hajapiga hesabu: mstari wa LED wa wati 10, ukiwaka kwa muda wa saa sita kila usiku, mwezi mzima haufikishi uniti mbili.

Sasa picha. Malindi inatazama mashariki. Desemba jua huchomoza baharini kama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na huchwa nyuma ya mji kama saa kumi na mbili u nusu jioni. Asubuhi familia ikiipa bahari mgongo, jua liko nyuma yao, na kamera itakupa vivuli kumi na viwili. Nenda jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja u nusu. Hapo jua linatoka upande wa mji, linaanguka usoni, na bahari nyuma ni buluu. Nguzo yenyewe iko kwenye mwamba, huyo Vasco da Gama, baharia Mreno, alifika hapa mwaka 1498, na watoto watauliza, kwa hiyo jibu uwe nalo. Mkitoka hapo piteni kwenye lile kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Ni jengo la dakika kumi, lakini kwa wanaosherehekea Noeli lina uzito wake.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo wageni hukosea kabisa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupwa sana kuelekea saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa kuelekea saa kumi jioni. Hiyo ndiyo siku yenu: asubuhi mashua na mafungu ya mchanga ndani ya hifadhi ya bahari, jioni picha bahari ikiwa imefura. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji ni mengi saa nne, na jioni nyuma ya familia yako kuna miamba na mwani. Huna haja ya programu ya simu. Muulize jirani Muislamu leo ni mwezi ngapi. Akikuambia mosi au kumi na tano, bamvua ndiyo hiyo, na siku mbili zinazofuata bado ni zake.

Mtu mwingine atakuja kuniambia maji ya ghuba yalikuwa ya kahawia. Naam. Mto Sabaki unamwaga maji kaskazini mwa mji, vuli ikinyesha bara udongo unateremka, na upepo wa kaskazi unausukuma kusini mpaka mbele ya mji. Si uchafu wa hoteli. Kwa maji maangavu teremkeni kusini, upande wa hifadhi, au mwende Watamu.

Pilau ya watu ishirini: mchele kilo 2 na nusu, nyama yenye mifupa kilo 2 na nusu, viazi kilo 1 na nusu, vitunguu kilo 1, thomu vichwa vitatu, tangawizi gramu 100, mafuta kama mililita 400. Bizari ya pilau vijiko vinne vya kulia, pilipili manga kijiko kimoja, mdalasini vijiti vinne, iliki kumi na tano, karafuu kumi na mbili. Sufuria isiwe chini ya lita 15. Mchele uloweke nusu saa.

Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu, si kwenye pakiti ya rangi. Kikaange mpaka kiwe hudhurungi ya tende, halafu mara moja tia vijiko vichache vya supu ya ile nyama iliyochemshwa, kikome kuungua. Dakika moja ya uzembe na pilau nzima ni chungu. Hakuna dawa, mwaga uanze tena. Kosa la pili ni maji. Mpishi aliyezoea kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji huzidisha tu, akapata bokoboko. Ukilinganisha na mchele uliomo, sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kuliko ndogo, kwa hiyo kwa mchele huu supu ya lita 4 na robo yatosha. Supu ikikaribia kukauka, punguza moto chini, funika, palia makaa juu ya kifuniko, na usifunue kwa dakika 25. Kachumbari ikatwe wakati huo, si asubuhi.

Kama mnachinja mbuzi wenu, muiteni Muislamu achinje. Sahani ya kwanza ikitoka jikoni inavuka ua kwenda kwa jirani, na asipoweza kuila mmemwaibisha. Sahani hiyo hairudi tupu. Itarudi siku hiyo hiyo au Idi ijayo, na kaimati au haluwa ndani yake, na hapo ndipo watoto wenu watakapojua wamefika Malindi. Pilau iliyobaki isilale sufuriani. Katika joto hili, mkimaliza tu kula itandazeni kwenye sinia ipoe haraka, kisha friji.

Kwa mahamri ya asubuhi ya Krismasi, kilo moja ya unga na tui la nazi. Ukikanda usiku punguza hamira iwe nusu ya unayotumia Nakuru, la sivyo unga utakuwa umefura na kuchachuka kabla ya jogoo. Na tafadhali, mabinti wa Nairobi wasilale mpaka saa tatu huku mama mkwe wa miaka sabini akisukuma mahamri peke yake. Hilo si la mapishi, lakini nimelisema.

Mwaka Mpya ukipita, toa taa kwanza, ndipo utoe tawi nje. Vitawi vikavu hushika moto kwa cheche moja. Shina lenyewe likate vipande: mvinje huwaka vizuri hata ukiwa haujakauka sawasawa, na moto wake ni mkali. Unatosha kuchoma changu wawili wakubwa usiku wa kuagana.