Ripoti imekuja mbaya na skuli zinafungwa, nifanyeje?

Mwanangu, umesema kijana wako wa darasa la pili hapo Wete, Pemba, ripoti yake imeonesha kusoma kuko chini, na unataka kumtia tuisheni kutwa, likizo nzima ya Disemba. Nimesomesha watoto wadogo miaka mingi. Nakuomba usifanye hivyo.

Nenda skuli kabla hawajafunga, ukae na mwalimu wake. Usimuulize mwalimu mtoto amekuwa wa ngapi, muulize anakwama wapi. Mara nyingi utakuta "ba" na "ma" anazisoma vizuri, akifika "mbwa" au "ng'ombe" anatazama dari. Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Kila siku akitoka chuoni kusoma Kurani, kabla joto halijawa kali, akae nawe barazani dakika 20. Asome kwa sauti, wewe ufuatishe kwa kidole. Akichoka, muachie. Mchana aende shamba kwa bibi yake akaokote maembe. Akirudi akuhadithie, nawe uyaandike maneno yake yaleyale, kisha umpe ayasome. Mtoto hupenda mno kusoma alichokisema mwenyewe, nimeliona hilo kwa wengi.

Sare mpya usizikimbilie. Fumua pindo la suruali wiki ya mwisho, uone kama inamfika.

Na ukimuona anafikicha macho au anasogeza kitabu mpaka puani, mpeleke hospitali akapimwe. Hilo, mwanangu, usilingojeshe Januari.