Kompyuta kupiga piano kama mtu: nasibu haitakusaidia

Mkuu, umeuliza kwa nini wimbo wako wa MIDI (data inayoiambia kompyuta ipige noti gani, lini na kwa nguvu gani) bado unasikika kama roboti wakati umeshasogeza kila noti kwa nasibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Nimepita hukohuko na kupoteza miezi. Kwa njia hiyo hupati mpigaji mwenye hisia, unapata mlevi.

Kilichonifumbua macho ni kujirekodi. Nilipiga kipande kimoja mara kumi kwenye piano ya umeme, nikachora grafu ya kasi, mpigo kwa mpigo. Nilitegemea fujo. Kumbe mistari yote kumi inapanda na kushuka palepale: nakaza mwendo katikati ya kifungu (kama sentensi moja ya muziki), nalegeza kinapoisha, na kifungu kikubwa kikifungwa nalegeza zaidi. Mtafiti Neil Todd aliliundia modeli jambo hili tangu miaka ya 1980, mwendo unaokwenda kama upinde kufuata muundo wa kipande. Kwa hiyo weka kwanza alama vifungu vinapoanzia na kuishia. Inachosha, najua.

Ukitaka kanuni zilizo tayari, ipo Director Musices, programu yenye kanuni za upigaji kutoka KTH, chuo kikuu cha teknolojia cha Stockholm, kazi ya akina Johan Sundberg, Anders Friberg na mpiga fidla Lars Frydén. Kila kanuni ina kipimo cha kuongeza na kupunguza. Mimi nilizipandisha zote, ikawa kichekesho! Friberg na Sundberg pia walionyesha mwaka 1999 kuwa kulegea kwa mwisho wa kipande kunafanana na mkimbiaji anavyosimama. Nilipoacha mstari ulionyooka nikatumia mkunjo wao, mwisho ukatulia.

Sasa mtego ulioninasa. Kwenye rekodi za piano, noti ya melodi hutangulia wenzake kwa takriban milisekunde 30. Nikadhani ni hisia tupu, nikaitanguliza kila mahali kwa kiasi kilekile. Kumbe mtafiti Werner Goebl alikwishaonyesha mwaka 2001 kuwa sehemu kubwa inatokana na mitambo ya piano yenyewe: ufunguo ukibonyezwa kwa nguvu, nyundo yake huwahi kufika kwenye waya, ingawa vidole vimeshuka karibu pamoja. Basi kutangulia huko kufunge kwenye nguvu ya noti: noti yenye nguvu zaidi itangulie zaidi.

Kuhusu kufundisha mashine kwa MAESTRO, mkusanyiko wa rekodi za piano: ni saa kama 200, safi sana, ila haina nota zilizoandikwa za vipande, na bila nota huwezi kupima mpigaji ametofautiana nazo kwa kiasi gani. Anza na kipande kimoja unachokijua vizuri, kisha tupia grafu yako hapa tuione.