Kuomba kazi ya msaidizi wa masjala mahakamani

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kuomba nafasi ya msaidizi wa masjala katika mahakama iliyo karibu nawe, ilhali hujasomea sheria na uzoefu wako wote ni wa mapokezi. Omba. Kazi ya ngazi hiyo kwa kawaida haidai shahada ya sheria. Inadai mtu makini wa kupokea nyaraka, kuzigonga mhuri wa tarehe, kuziingiza kwenye rejesta na kuziweka katika jalada linalohusika, kwa sababu jalada likipotea au tarehe ikikosewa, shauri huweza kuahirishwa na shahidi aliyetoka mbali akarudi bila kusikilizwa.

Katika barua ya maombi, usiishie kusema kwamba wewe ni mchapakazi (nani hasemi hivyo?), bali eleza ulivyotunza kumbukumbu, ulivyomtuliza mteja mwenye hasira na ulivyohifadhi siri za watu. Viambatisho vifuate tangazo lilivyoagiza.

Kwenye usaili, jiandae kwa swali la namna hii: mdaiwa amefika dirishani na hati ya madai mkononi, anakuuliza ajibu nini. Unaweza kumweleza utaratibu, fomu inayohitajika na mahali pa kulipia ada, lakini si kumshauri juu ya kesi yenyewe, kwa kuwa mtumishi wa mahakama hapaswi kuegemea upande wowote. Na ukiulizwa kama una ndugu mwenye shauri hapo, au kama uliwahi kutiwa hatiani, sema ukweli mapema, maana historia ya mwombaji huchunguzwa.