Dini na Vyama Darasani kwa Washauri Nasaha

Walimu wapya wanaosimamia wanafunzi wa ushauri nasaha hapa Kampala huniuliza kama mwanafunzi aambiwe aache dini na siasa zake nje ya mlango wa darasa. Ushauri wangu ni kwamba asiambiwe hivyo, kwa sababu ataitikia kwa mdomo tu, na yale aliyoyaficha darasani yatajitokeza mbele ya mteja, mahali ambapo hakuna msimamizi wa kumrekebisha.

Vyuo vyetu vyenyewe vina dini. Nkozi kuna chuo kikuu cha Wakatoliki, Mukono cha Waanglikana na Mbale cha Waislamu, na wahitimu wa vyote vitatu huwapokea wateja wale wale. Kwa sensa ya Uganda ya mwaka 2014, hata Wakatoliki, walio wengi kuliko wote, walikuwa kama asilimia 39 tu ya watu. Kwa hiyo kila mshauri atawahudumia wengi wasiosali kama yeye.

Anza na maigizo ya wawili wawili. Katika kipindi kimoja, binti wa Kiislamu aliigiza mke ambaye mumewe ameoa mke wa pili. Mwenzake, mlokole mwenye moyo mwema kabisa, alimsikiliza vizuri, kisha akamshika mkono akasema, "Dada, tuombe." Sikuwakatiza. Baadaye nilimwuliza binti alijisikiaje, naye akajibu kwamba tangu hapo alianza kuyapima maneno yake, asije akaonekana anaisema vibaya dini yake mbele ya mgeni. Darasa zima lilielewa, kuliko ambavyo mhadhara wangu wa maadili ungeweza kulielewesha. (Mteja akiomba dua mwenyewe, hilo ni suala jingine.)

Siasa ni ngumu zaidi. Wakati wa uchaguzi, fulana ya njano ya chama tawala cha NRM au kofia nyekundu ya chama cha upinzani cha NUP inatosha kumnyamazisha mteja, hasa aliyefiwa na ndugu katika ghasia za Novemba 2020, zilizozuka mgombea wa upinzani Bobi Wine alipokamatwa. Piga marufuku rangi za vyama na kalenda za wagombea katika chumba cha ushauri, lakini usizuie mazungumzo katika kikao cha usimamizi. Hapo mwulize mwanafunzi waziwazi ni mteja mfuasi wa chama gani ambaye angetamani apelekwe kwa mshauri mwingine, na kwa nini. Asiyetaka kusema mbele ya wenzake, pengine kwa kuwa baba yake ni afisa wa serikali au kaka yake yuko kizuizini, asilazimishwe. Aandike, akuletee ofisini, mzungumze wawili.